Nozeli za 1000 za nini, mdogo wangu?

Wiki hii mawifi na mavyaa wapumzike. Nimepata barua ya kijana wa Paje, anafundisha wageni kaiti pale ufukweni, na chumo la msimu mzima kalimwagia Toyota Mark II. Msifikirie zile GX100 za kawaida. Yake ni Tourer V, JZX100, injini 1JZ-GTE, silinda sita na tabo. Tabo yenyewe kishaibadilisha kwa kubwa zaidi, intakula kaileta mbele, ekzosi kaipanua, na majirani bila shaka wameshaisikia. Sasa binamu yake aliyeko Muscat kampigia simu: kuna seti ya nozeli za kumwagia mafuta, cc 1000 kwa dakika kila moja, bei ya kutupwa, amchukulie? Kijana ananiuliza: "Dada, nichukue hizo, au nitafute kubwa zaidi kabisa ili huko mbele nisirudie gharama?"

Kwa wasomaji wapya wanaojiuliza dada wa ushauri anajua nini kuhusu nozeli: asubuhi ninashika daftari la hesabu kwenye gereji ya familia, mjini. Daftari linakumbuka mambo ya magari ambayo fundi mwenyewe angependa yasahaulike. Nani alileta injini mara ya pili, nani alinunua nini akaja kukiuza nusu bei, yote yamo.

Jibu kwanza, maneno baadaye: usichukue. Na hizo kubwa zaidi, ndiyo kabisa usiziguse. Wewe mdogo wangu umeanza mwisho. Nozeli zinahesabiwa kuanzia kwenye nguvu utakayoitumia kweli, kisha unarudi nyuma mpaka upate namba ya kununua. Wewe umeanza na bei ya Muscat, sasa unaitafutia sababu.

Chukua kalamu. Injini ya petroli yenye tabo, ikikanyagwa mpaka mwisho, inataka kama cc 6.3 za mafuta kila dakika kwa kila farasi mmoja. Hii ni kanuni ya mkono, si ya maabara, lakini mafundi wa ramani, wale wanaoipangia kompyuta ya injini imwage mafuta kiasi gani, wengi huanzia hapo. Farasi ninaowasema ni wa kwenye injini, si wale wachache wanaofika kwenye magurudumu. Unataka farasi 400, umeandika mwenyewe. Zidisha, unapata cc 2520 kwa dakika. Una silinda sita na nozeli sita, gawa: 420 kila moja. Lakini nozeli haifai kufanya kazi wazi muda wote. Ukiiacha ifunguke zaidi ya asilimia 80 au 85 ya muda wake, inapata joto, inaanza kubabaisha, na haina akiba siku ambayo presha ya pampu imeshuka. Basi gawa 420 kwa 0.8. Jibu 525. Dukani hakuna 525, utachukua 550. Hapo ndipo mambo yako yanapoishia.

Kama unadhani nabahatisha, ipitishe hesabu hiyohiyo kwenye nozeli ulizonazo sasa. Za kiwandani kwenye 1JZ-GTE ni cc 380. Mara sita, mara asilimia 80, gawa kwa 6.3, unapata farasi 289. Toyota waliitangaza injini ile kwa farasi 280, kiwango ambacho waundaji wa Japani walikubaliana wasikivuke. Wale mainjinia walijua walichokuwa wakifanya. Tazama pia ndugu yake mkubwa, 2JZ-GTE ya Supra: ya soko la Japani ilipewa nozeli za cc 440, na ile iliyopelekwa Marekani, iliyotangazwa kwa farasi 320, ikapewa 550. Kampuni yenye fedha za kuchagua nozeli yoyote duniani ilichagua 550 kwa gari lake la fahari.

Hizo 1000 zako, kwa hesabu hiyohiyo, zingelisha farasi 760 hivi. Pistoni na konrodi za 1JZ ya kiwandani hazikuundwa kwa mzigo huo, na wewe mwenyewe hujautaja popote kwenye barua.

Najua utakachosema: si bora kubwa iliyozidi kuliko ndogo iliyopungua? Kontroli boksi, hiyo kompyuta ya injini, si itazifungua kidogo tu? Hapa ndipo vijana wengi wanapoingia mkenge, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nozeli ni vali ya umeme. Ama imefunguka, ama imefungwa. Kinachopimwa ni muda. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, silinda moja inapata milisekunde 20 tu kwa mzunguko mzima wa kazi yake, na humo ndimo nozeli inatakiwa kumaliza kumwaga. Ndiyo maana huko juu nozeli ndogo inaishiwa na muda. Lakini kwenye sailensa, gari imesimama na mguu wako haupo kwenye mafuta, taabu inageuka upande wa pili. Injini inataka tone, na nozeli kubwa inatakiwa kufunguka na kufunga kwa kitambo kifupi mno. Nayo haifunguki papo hapo: tangu umeme ufike mpaka mafuta yaanze kutoka inapita kama milisekunde moja hivi, na muda huo unarefuka betri ikiwa chovu au alteneta ikiwa dhaifu. Sasa piga picha: nozeli yako ya sasa pengine inahitaji milisekunde moja na nusu ya kumwaga kweli ili sailensa itulie. Ukiweka ya 1000, muda huo unashuka chini ya sita za kumi za milisekunde. Nozeli nyingi za mtindo wa zamani, huko chini, hazina tena adabu; leo inatoa hiki, mara nyingine inatoa kile. Ni kama kumlisha mtoto mchanga uji kwa upawa. Gari inapanda inashuka, inanuka petroli, inazima kwenye kona ya kuingia Jambiani abiria wote wa daladala wakikutazama.

Zipo nozeli kubwa za kisasa zinazotulia vizuri hata kwenye sailensa, sikatai. Zinakuja na karatasi ya vipimo vyake, na haziuzwi bei ya kutupwa.

Halafu kuna hizi video. Kijana, najua umezitazama, kwa sababu barua yako ina maneno yao. Mmarekani anaweka nozeli za 1000 kwenye 1JZ na gari inaruka. Alichosahau kukwambia, au alikisema ukaruka mbele, ni kwamba anatumia E85, mafuta ambayo sehemu kubwa ni spiriti ya mahindi. Petroli inataka uzito wa hewa 14.7 kwa moja ya mafuta ili iungue sawasawa. E85 inataka chini ya 10 kwa moja. Maana yake anahitaji kumwaga mafuta mengi zaidi kwa nguvu ileile. Nozeli zake ni kubwa kwa sababu mafuta yake ni mengine. Sisi hapa Zanzibar, mamlaka ya nishati ZURA kila mwezi inatutangazia bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. E85 haimo kwenye tangazo.

Na hiyo petroli yenyewe. 1JZ-GTE ilitengenezwa kunywa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa oktani karibu 100. Kwa hiyo uliza kituoni unachowekewa ni oktani ngapi, kisha chagua kituo kimoja ukae nacho. Chupa za petroli zinazopangwa juu ya meza barabarani waachie wenye vespa. Sina ugomvi na wauzaji, wanasaidia watu wengi usiku, lakini injini iliyoongezwa busti, yaani presha ya tabo, haistahili kunywa kitu ambacho hujui kimekaa juani siku ngapi wala chupa ilikuwa na nini kabla. Nozeli zina vitundu vidogo kuliko macho yanavyopenda. Chembe moja ya mchanga wa Paje inatosha kuziba kimoja. Na kikiziba kimoja, silinda hiyo inapata mafuta haba huku wenzake wamo kwenye karamu. Chini ya busti, mafuta haba ni joto, joto linaleta kugonga, na kugonga kunatoboa pistoni. Filta ya mafuta mpya ni sehemu ya bei ya nozeli. Usiitenganishe.

Pampu. Hukuitaja hata mara moja, na hapa ndipo nilipoguna. Zile cc 2520 kwa dakika ni lita 151 kwa saa, na zinatakiwa zifike zikiwa na presha, kwa sababu busti ikipanda na presha ya mafuta lazima ipande nayo. Pampu ya miaka ya tisini iliyotoka Japani na gari lake si ya kuaminiwa hapo. Zile za lita 255 kwa saa, ambazo Walbro ndizo zilizopata jina, zinakutosha na kubaki. Mwambie fundi apitishe waya mnene mpya wenye rilei yake kutoka kwenye betri; waya wa zamani unapunguza umeme njiani, na pampu nzuri iliyonyimwa umeme inasukuma kama pampu mbovu.

Kuna atakayekunong'oneza ujanja wa kuacha nozeli zilezile na kuongeza presha kwenye regyuleta. Ujanja una ukweli ndani yake, ila una mpaka. Mtiririko haukui sawa na presha, unakua kwa kipeuo cha pili cha presha. Toka bari 3 nenda 4, umepata asilimia 15 hivi zaidi. 380 zinafanana na 440. Kwa farasi 320 ingetosha. Kwa 400 haitoshi, na pampu itakuwa imebebeshwa mzigo.

Sasa fedha, mdogo wangu. Kwenye daftari langu nozeli zenyewe hazijamfilisi mtu. Kinachofilisi ni kununua nozeli na kukosa fedha ya ramani. Kontroli boksi ya kiwandani inaamini bado ina za 380. Ikisema "fungua kwa muda huu," haijui kuwa kinachotoka ni zaidi kwa nusu karibu. Gari inatoa moshi mweusi, plagi zinapata masizi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda mpaka ukichomoa kijiti cha oili unasikia harufu ya kituo cha mafuta. Kontroli boksi ya Toyota ya miaka ile haiandikwi upya kirahisi, ndiyo maana wengi huweka ya kujitegemea, kama Link ya New Zealand au Haltech ya Australia, kisha fundi wa ramani anakaa na kompyuta na kipimo cha hewa na mafuta kilichopachikwa kwenye ekzosi. Chini ya busti atataka kukiona kikicheza karibu na 11.5, si 14.7. Kama kontroli boksi, kipimo na fundi havimo kwenye bajeti yako, basi nozeli nazo hazimo. Subiri msimu mwingine. Upepo wa kusi utarudi na wageni watarudi.

Wala mtu asikuuzie ramani iliyokwishatengenezwa Nairobi eti gari ni ileile. Nairobi iko juu ya mita 1600 na ushei, hewa nyepesi. Paje ni usawa wa bahari, hewa nzito, na mwezi wa pili hapa joto mnalijua wenyewe. Injini inavuta vingine, inapata joto vingine. Ramani ipimwe hapa, kwa petroli ya hapa, na kama unaweza, mchana wa joto na si saa kumi na moja alfajiri kwenye ubaridi.

Tukirudi kwa binamu. Usimvunje moyo, ana faida. Muscat, Dubai na yale maeneo ya viwanda ya Sharjah yanayouza spea zilizotumika ndiko magari yetu mengi yanakopata viungo. Mpe kazi nyingine: atafute seti ya 550, sita zilizopimwa pamoja, na karatasi inayoonyesha kila moja imetoa kiasi gani. Zikipishana asilimia moja au mbili, vizuri. Zikipishana asilimia kumi, ni nozeli sita za magari sita. Karatasi iwe pia na ule muda wa kuchelewa kufunguka kwa kila kiwango cha umeme, kwa sababu fundi wa ramani asipoupata atakisia, na wewe ndiye utakayemlipa saa za kukisia. Ajihadhari na za bandia: kuna nozeli zimeandikwa Bosch ambazo Bosch hajawahi kuziona. Seti nzima ikiuzwa kwa bei ya nozeli moja halali, hakuna la kujadili.

Na awe na kipimo cha ukinzani mfukoni, cha bei ndogo tu. Agusishe pini mbili za nozeli. Ikisoma omu 12 mpaka 16, ni ya ukinzani mkubwa, rahisi kwa kontroli boksi nyingi. Ikisoma 2 au 3, ni ya ukinzani mdogo, inataka boksi la rezista au kontroli boksi yenye uwezo huo, la sivyo unachoma saketi. Zile 550 za Supra ya Marekani nilizozisifu hapo juu ni za namna hii ya pili, kwa hiyo usizikimbilie kwa jina tu. Aangalie pia urefu, unene wa oringi na umbo la soketi ya waya, alinganishe na za kwako akiwa bado dukani. Mpigie picha za nozeli zako leo.

Zikifika, oringi zote ziwe mpya, zipakwe oili kidogo kabla ya kusukumwa, na fundi awashe pampu bila kuwasha injini, atazame kwa tochi kama kuna unyevu. Petroli inayovuja juu ya ekzosi yenye moto haikupi nafasi ya pili. Soketi zipakwe grisi ya umeme. Chumvi ya upande wenu inakula shaba kimyakimya, na nusu ya "nozeli zilizokufa" ninazoandika kwenye daftari kumbe ni soketi zilizoota kutu.

Sasa niulize mimi. Farasi 400 utawapeleka wapi? Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya na Subaru Impreza, na magari ya mashindano yale yalibanwa pumzi kwa kizuizi cha milimita 34 kwenye tabo, yakawa na farasi 300 hivi. Hao 300 walitosha kumshinda kila mtu kwenye matope na mawe ya Safari. Wewe una lami ya kutoka Paje kwenda mjini, inayopita ndani ya msitu wa Jozani. Lami ile ilipotiwa mwaka 1996, kima punju waligongwa kila mara mpaka yakawekwa matuta, na kima wale dunia nzima hawapo ila visiwani kwetu. Mbele yake kuna watoto wa skuli na wa chuoni kandokando ya njia, kuna mama zako wanaovuka na magunia ya mwani kichwani. Sikukatazi gari ya nguvu. Nakuomba ufikirie farasi 320 na nozeli za 440: hesabu yake inatoka 420, unabaki na akiba, tabo yako haitumiki kwa jasho, na bei ya kila kitu inapungua, kuanzia pampu mpaka klachi. Ningekuwa mimi, hapo ndipo ningesimama. Ukishikilia 400, basi 550, na hayo yote niliyoyataja. Kwa vyovyote, mwambie wakala wako wa bima kilichobadilishwa kwenye injini. Bima iliyokatwa kwa gari ya kiwandani inaweza kukugeuka siku unayoihitaji.

Nafasi imekwisha lakini yupo dada wa Jambiani siwezi kumwacha. Vitz yake inatetemeka ikiwa sailensa, fundi kamwambia nozeli zote zimekufa, alete fedha ya nne mpya. Dada yangu, usitoe kitu bado. Vitz inayotetemeka, kwanza mtu atoe plagi azitazame, kisha abadilishane koili: ya silinda inayokosa iende kwa jirani. Tatizo likihama na koili, umenunua koili moja. Lisipohama, abadilishane nozeli vivyo hivyo, na hata ikibainika ni nozeli, ipelekwe kwanza kwenye mashine ya kusafishia na kupimia. Nyingi zinarudi nzima. Ila kuna jambo jengine kwenye barua yako. Umesema gari yako ni ya 2006, cc 996. Hiyo ni injini ya 1KR, na ina silinda tatu. Muulize fundi wako hiyo nozeli ya nne ataipachika wapi, kisha uniandikie alivyojibu.